Daily Racing Form la zamani au American Turf Monthly: uanze na lipi kama unapenda magazeti ya farasi ya enzi zile

Mwezi uliopita nimehama nyumba hapa Maryland, na nyumba niliyohamia ni ndogo, mke wangu akaniambia maboksi ya magazeti yasizidi matatu, na mimi nilikuwa nayo kumi na moja. Yote ni ya mbio za farasi. Mengi niliachiwa na mzee mmoja jirani yangu, Mmarekani, alikuwa anaenda uwanja wa mbio wa Laurel Park kila Jumamosi na penseli nyekundu mfukoni, ndo aliyenifundisha kusoma ule msitu wa namba, na alipofariki wanawe wakanipigia simu nikachukue maboksi kabla hayajaenda jalalani. Sasa kuchagua matatu kati ya kumi na moja sio kazi ndogo. Nimekaa nayo siku tatu sakafuni nafungua moja moja, naweka Form huku na majarida ya mwezi kule, na ulinganisho huu umetokea hapo.

Naandika kwa mtu ambaye ameanza kuvutiwa na haya magazeti ya zamani na hajui aweke wapi hela yake. Labda uko Marekani unayaona kwenye minada ya mtandaoni, labda uko Nairobi unaenda Ngong siku za Jumapili na unatamani kujua watu walikuwa wanachambua vipi farasi kabla ya kompyuta. Vitu viwili vikubwa utakavyokutana navyo ni Daily Racing Form, ambalo ni gazeti la kila siku, na American Turf Monthly, ambalo ni jarida la kila mwezi. Kuna ndugu zao pia nitawagusa, ila hao wawili ndo mzizi wa mambo.

Form limeanza Chicago mwaka 1894, mwanzilishi ni Frank Brunell. Kilicholifanya liwe Form ni kitu lilichokuja nacho mwaka 1905, zile rekodi za nyuma za kila farasi zilizopangwa mstari kwa mstari. Kila mstari ni mbio moja: tarehe, uwanja, umbali, hali ya udongo, muda wa waliokuwa mbele, nafasi ya farasi wako mwanzoni, katikati, akiingia kona ya mwisho na kwenye mstari wa kumalizia, joki nani, amebeba uzito gani, odi zilikuwaje, nani walimtangulia. Yaani mstari mmoja wa herufi za kuumiza macho, ukishazoea kuusoma unaona mbio yenyewe inapita mbele yako. Matoleo ya zamani yalikuwa na alama hadi za matope, nyota kwa farasi anayejitahidi kiasi kwenye tope, eksi kwa aliye mzuri, na eksi ndani ya duara kwa yule ambaye mvua ikinyesha wenzake wana shida. Ile eksi ya duara naipenda jamani, kuna mtu alikaa akaangalia farasi anavyokanyaga matope akasema huyu anastahili duara.

American Turf Monthly limekuja baadaye, 1946, vita imetoka kuisha na watu wanarudi viwanjani. Lenyewe halikupi rekodi za farasi wa kesho, litakupaje wakati linatoka mara moja kwa mwezi. Linakupa namna ya kufikiri. Mwandishi anakuja na wazo, mfano farasi aliyepumzika siku kadhaa halafu akashushwa daraja, anakuwekea kanuni moja mbili tatu, alafu anachukua mbio za kweli zilizokwisha kukimbiwa anakuonyesha kanuni zinavyofanya kazi, farasi kwa farasi, huyu anatoka kwa sababu hii, huyu anabaki kwa sababu ile. Katikati ya kurasa matangazo ya watu wanaouza mifumo yao kwa posta na vikokotoo vya karatasi vya kuzungusha. Jirani yangu alikuwa anasema Form ni kitabu cha hesabu na jarida ni mwalimu, na mwanzoni nilikubaliana naye kabisa, sasa hivi naona alikuwa sahihi nusu.

Kwa nini nusu? Kwa sababu Form nalo lilikuwa na ushahidi wake ambao hakuna mwalimu angeweza kukupa. Nikupe mfano wa hapahapa Baltimore. Mei 1973, farasi Secretariat anashinda mbio kubwa ya Preakness pale uwanja wa Pimlico. Mashine ya uwanja inasema dakika 1 na sekunde 55, siku mbili baadaye uwanja unabadilisha unasema 1:54 na mbili ya tano. Sasa Form lilikuwa na watu wake wawili uwanjani na saa zao za mkononi, kila mmoja amepima kivyake, wote wawili wamepata 1:53 na mbili ya tano, ambayo ingekuwa rekodi. Na Form likachapisha muda wake pamoja na ule rasmi, ubishi ukabaki wazi kwa kila mtu kuusoma. Ubishi ule uliishi miaka 39. Mwaka 2012 tume ya mbio za farasi ya Maryland ikakaa, ikaangalia filamu za zamani kwa vifaa vya kisasa, ikaamua muda halisi ni 1:53. Mimi nikishika karatasi ya aina hiyo naona watu wawili wamesimama na saa mkononi, wameona walichoona na hawakukubali kuambiwa vingine.

Na zile chati, yaani kumbukumbu ya kila mbio ambayo mistari ya rekodi inatoka humo, hazikuwa zinajiandika. Mmoja anasimama juu na darubini anataja farasi na nafasi zao wakati wanakimbia, mwingine pembeni yake anaandika kwa kasi, farasi kumi na mbili wakati mwingine, udongo unaruka, rangi za majoki zimeshapotea, na bado jamaa anataja nani yuko nyuma ya nani na kwa umbali gani. Kila siku, kila uwanja. Hawa majina yao hayajulikani kama ya waandishi wa safu lakini kwangu mimi ni waandishi.

Kwenye waandishi wenye majina Form halikuwa masikini. Charles Hatton ndo mtu anayetajwa zaidi kwa kulifanya neno Triple Crown, yaani taji la mbio tatu kubwa za Kentucky Derby, Preakness na Belmont, lishike kwa Wamarekani, alikuwa anaandika kuhusu umbo la farasi kama fundi seremala anavyoongelea mbao, bega, kiuno, jinsi mguu unavyokunjika. Joe Hirsch aliandika kwa zaidi ya miaka 50 hadi 2003, alikuwa anajua kila trena na kila mwenye farasi, na mwaka 1959 chama cha waandishi wa mbio kilipoanzishwa ndo alikuwa rais wa kwanza. Na kule New York kulikuwa na dada yake Form, Morning Telegraph, lililofungwa 1972 baada ya mgomo, ambalo Bat Masterson, ndiyo yule yule sherifu wa bunduki wa kule magharibi, alimalizia maisha yake hapo akiandika safu, zaidi za ndondi, na alifia mezani kwake mwaka 1921. Ukipata Telegraph lolote bila kuchanika lichukue, mi ninayo mawili tu na yote yamebaki.

Ila tuseme ukweli, ukinunua Form la siku ya kawaida, tuseme Jumatano ya 1964, asilimia kubwa ni namba za farasi wasiokumbukwa na mtu. Waandishi wamepewa nafasi ndogo. Unahitaji uvumilivu, na unahitaji mtu wa kukufundisha vifupisho, mimi nilikuwa naye, wewe labda huna.

Tukija kwa American Turf Monthly, jina la kushika ni Ray Taulbot. Huyu alijikita kwenye pesi, yaani sio tu farasi amemaliza kwa muda gani bali nusu maili ya kwanza ilikwendaje, nani aliilazimisha, na nani alipata mteremko kwa sababu wenzake walichoshana mbele. Leo hii kila mtu anaongea hivyo, lakini soma Taulbot uone mtu anayefanya kazi hiyo kwa penseli, anakupa hesabu ambayo unaweza kuifanya ukiwa umekaa kwenye basi la kuelekea uwanjani. Na anaandika kwa upole, hakufanyi mjinga. Kuna makala zake nimesoma mara tano sita na bado narudi.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya hivi viwili na inahitaji nikae kidogo. Form la zamani lilikuwa linakupa namba mbili pembeni ya kila mbio, mfano 82-18. Ya kwanza ni kasi: rekodi ya uwanja kwa umbali ule inahesabiwa 100, na kila moja ya tano ya sekunde aliyochelewa farasi anakatwa pointi 1, kwa hiyo aliyechelewa sekunde 2 nzima anabaki na 90. Ya pili ni hali ya uwanja siku hiyo, wastani wa pointi walizopungukiwa washindi. Form linakuachia hapo, chukua namba zako. Waandishi wa majarida wao wakaingia kazini, mmoja anasema jumlisha zote mbili, mwingine anasema jumlisha lakini angalia umbali uwe uleule, mwingine anakataa kabisa anasema namba ya pili ina kasoro, kwa sababu Jumamosi wakikimbia farasi wazuri namba inakuwa ndogo na Jumatano wakikimbia farasi wa bei rahisi inakuwa kubwa, wakati udongo ni uleule haujabadilika, kwa hiyo ukijumlisha unampa farasi dhaifu zawadi kwa sababu ya kukimbia na wenzake dhaifu. Ukisoma majarida kwa mpangilio unaona watu wanatafuta jibu mwezi baada ya mwezi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kompyuta.

Jibu lililoshika lilitoka kwa Andrew Beyer. Huyu alikuwa mwanafunzi Harvard, mwaka 1966 siku ya mtihani wake wa Chaucer, yule mshairi wa kale wa Kiingereza, ikagongana na mbio kubwa ya Belmont Stakes, akaenda kwenye mbio. Mshindi alikuwa Amberoid na Beyer alikuwa amemwekea hela. Baadaye akawa mwandishi wa farasi magazetini, mwishowe Washington Post, na mwaka 1975 akaeleza wazi kwenye kitabu namna ya kutengeneza namba za kasi zilizorekebishwa, unajua kwanza farasi wa daraja fulani kwa kawaida wanakimbia muda gani, ndo unapima uwanja siku ile ulikuwa mwepesi au mzito. Kazi ya usiku kucha kwa mtu wa penseli. Jirani yangu alifanya hivyo miaka mingi, madaftari yake nayo yako kwenye maboksi, na hayo sikuyahesabu kwenye yale matatu, nimeyaweka chini ya kitanda.

Sasa kabla ya kuchagua, ujue kitu kimoja kuhusu kubeti farasi Marekani, ambacho ndugu zangu wa mikeka ya mpira huwa hawakijui. Odi hazipangwi na kampuni, hela zote zinaingia chungu kimoja, uwanja unakata fungu lake, kinachobaki wanagawana waliopatia. Maana yake ukijua siri na wenzako elfu tano wakaijua, malipo yanashuka. Robert Saunders Dowst, aliyekuwa anaandika Turf and Sport Digest, jarida la hapahapa Baltimore ambalo ni kaka mkubwa wa American Turf Monthly, miaka ya 1930 alisisitiza farasi wa uthabiti, wale wanaoshinda mara kwa mara na kukaa karibu na waliotangulia, akatoa wazo lake hadharani, watu wakalifuata, na malipo ya farasi wa aina hiyo yakapungua. Ndo yaliyompata na Beyer. Namba zake zilivyoanza kuchapishwa kila siku, zile bei nono za miaka ya 1970 zikaondoka, na mwenyewe alikiri hivyo.

Kwa hiyo kama unanunua majarida ya zamani ukitegemea kupata mfumo wa kukupa hela Jumamosi hii, acha kabisa. Mifumo ile ilishaliwa na wasomaji wake. Unanunua kwa ajili ya akili ya mtu inavyofanya kazi mbele yako, na kwa hilo jarida la mwezi limeliacha Form mbali.

Kuna wa tatu nisipomtaja nitakuwa nimekosea, The Racing Times. Lilianza Aprili 1991, hela za Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza, mhariri Steven Crist ambaye alikuwa ametoka New York Times, na ndo gazeti la kwanza kuchapisha namba za Beyer kwa kila farasi. Form lilikuwa limekaa peke yake kwa miaka na miaka chini ya wamiliki akina Annenberg na baadaye Murdoch, halikuwa na haraka ya kubadilika. Racing Times likaja na waandishi wachangamfu na karatasi inayosomeka, Novemba mwaka huohuo Maxwell akaanguka kutoka kwenye meli yake akafa, biashara zake zikasambaratika, na Februari 1992 gazeti limekwisha. Halikufika hata mwaka. Wamiliki wa Form wakalinunua, wakachukua namba za Beyer wakaziweka kwao, na mwaka 1998 Crist huyohuyo akarudi na wenzake wakanunua Form lenyewe. Racing Times ni machache, na mtu anayeuza mara nyingi hajui anauza nini, ukiliona usisubiri.

Upande wa kupatikana na kutunza. Form ni karatasi ya gazeti, linageuka njano, ukilikunjua vibaya linakatika kwenye mkunjo, na ni kubwa, boksi moja linajaa upesi. Majarida yanasimama kwenye rafu kama vitabu, yanavumilia kushikwashikwa, na unaweza kusafiri nayo, nilimpelekea binamu yangu mawili Dar kwenye begi na yalifika salama. Jambo lingine kubwa: Form la zamani unaweza kulisoma bure mtandaoni, chuo kikuu cha Kentucky na maktaba ya Keeneland ya kule Lexington wameskani matoleo mengi ya miongo ya mwanzo, unafungua ukurasa kama ulivyochapwa. Kwa majarida ya mwezi mambo hayako hivyo, mengi yamebaki mikononi mwa wazee na kwenye maghala ya chini ya nyumba, na wazee wanaondoka. Hilo peke yake lilinipa uamuzi.

Kwa hiyo kama unaniuliza, nunua American Turf Monthly kwanza, miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa 1970 kama utayapata, usihangaike na mwaka mzima kamili, chukua yoyote yenye Taulbot ndani. Turf and Sport Digest la kabla ya vita kama mfuko unaruhusu, ila hilo ni gumu zaidi na lugha yake ni ya kizamani kweli. Soma makala na penseli, fanya hesabu zake mwenyewe, alafu kwa Form tumia ile hazina ya bure ya Kentucky kujifunza vifupisho. Karatasi halisi ya Form nunua ya siku moja tu ambayo ina maana kwako. Kama wewe unapenda historia kuliko uchambuzi, yaani unataka kujua siku ile mvua ilinyesha na nani alianguka, basi geuza, Form kwanza na majarida baadaye, hapo sitabishana na wewe. Na kama ni mtu wa kusoma sentensi nzuri, tafuta Form yenye Hatton.

Maboksi yangu matatu yamekaa hivi: mawili ni majarida ya mwezi, na la tatu nimechanganya, Telegraph mawili, Racing Times manne, na Form za Pimlico tu. Pimlico niliyaweka yote kwa sababu uwanja wenyewe, ambao farasi Seabiscuit alimshinda mwenzake War Admiral tarehe 1 Novemba 1938 kwa urefu wa farasi wanne, Preakness ya 2025 ndo ilikuwa ya mwisho kabla ya kubomolewa ujengwe upya. Jirani yangu alinipeleka hapo mara ya kwanza. Kwenye Form ya siku hiyo, mbio ya tano, kuna farasi kazungushiwa penseli nyekundu na pembeni ameandika jina langu, kwa sababu mimi ndo nilimchagua.

Maboksi mengine manane bado yako varandani kwa shemeji yangu. Mwenye nia ya dhati ya kuyasoma, na sio kuyauza, aje achukue kabla ya mvua za mwezi ujao.